Kumpiga Nduli na Kuilinda Sheria: Uhakiki wa Hoja za Uhalali wa Kung'olewa kwa Idi Amin, 1978–1979

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja zilizotolewa na Tanzania kuhalalisha hatua ya majeshi yake kuingia Uganda na kushiriki katika kuuangusha utawala wa Idi Amin mwezi Aprili 1979. Swali la msingi ni hili: je, sheria ya kimataifa ya haki za binadamu iliipa nchi jirani ruhusa ya kumwondoa mtawala aliyekuwa akiwaua watu wake? Uhakiki unaanza na lugha ya hoja zenyewe, hasa maneno mapinduzi, halali na nduli, kisha unazipima hoja hizo kwa mikataba iliyokuwapo wakati huo na iliyofuata. Inabainishwa kwamba Tanzania haikudai ruhusa hiyo, kwamba hoja yake ya vita viwili ilikuwa makini lakini haikulingana na hali ya uwanja wa mapambano, na kwamba ukimya wa mataifa haukugeuka kuwa sheria. Makala yanahitimisha kuwa haki za binadamu zinatoa kipimo cha kuihukumu serikali, ila hazitoi leseni ya jirani kuing'oa. Na kwamba kipimo hichohicho kinamhusu pia anayekuja baada ya aliyeng'olewa.

1.0 Utangulizi

Vita vya Kagera vina nafasi ya pekee katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki. Nchini Tanzania vinakumbukwa kama vita vya haki, ambavyo taifa maskini lilivipigana kwa kujinyima na kwa gharama inayotajwa mara kwa mara kuwa karibu dola za Marekani milioni 500. Nchini Uganda, Aprili 11, 1979, siku Kampala ilipotwaliwa, inakumbukwa na wengi kama siku ya ukombozi, ingawa miaka iliyofuata iliifanya kumbukumbu hiyo iwe na doa. Katika vitabu vya sheria ya kimataifa, tukio hilohilo hutajwa kwa sababu nyingine kabisa. Huwekwa pamoja na kuingia kwa India katika Pakistani ya Mashariki mwaka 1971 na kuingia kwa Vietnam nchini Kambodia mwishoni mwa mwaka 1978, kama mifano ya kile kinachoitwa uingiliaji wa kibinadamu.

Kumbukumbu hizi mbili, ya wananchi na ya wanasheria, zinakutana mahali pamoja: zote zinadhani kwamba Tanzania ilikwenda Kampala kwa sababu ya haki za binadamu. Dhana hiyo ndiyo inayohitaji kuhakikiwa. Haitoshi kusema kwamba Amin alikuwa mwovu, kwa kuwa uovu wake haubishaniwi. Haitoshi pia kusema kwamba mipaka ni mitakatifu, kwa kuwa waliouawa ndani ya mipaka hiyo walikuwa watu wenye haki. Kinachotakiwa ni kuangalia Tanzania ilisema nini hasa, ilinyamazia nini, na sheria ya wakati ule ilikuwa tayari kusikia nini.

2.0 Maneno na Sheria

Kiswahili kina neno moja, mapinduzi, linalobeba mambo ambayo sheria huyatenga. Umma unaoinuka dhidi ya watawala wake unafanya mapinduzi. Maofisa wachache wa jeshi wanaoiteka redio ya taifa alfajiri nao wanafanya mapinduzi. Mzizi wa neno hilo, pindua, hutaja kilichotokea kwa kitu: kilichokuwa juu kimekuwa chini. Haumtaji aliyekipindua. Kwa sheria ya kimataifa, hata hivyo, mtenda ndiye kiini cha swali. Utawala uleule ukiangushwa na wananchi wake, na jeshi lake au na jeshi la jirani, sheria itatoa majibu matatu tofauti.

Ugumu wa pili umo katika neno halali. Neno hili limeingia katika lugha likiwa na uzito wa dini, na hadi leo linachanganya kinachoruhusiwa na sheria na kinachokubaliwa na dhamiri. Mwaka 2000, tume huru ya kimataifa iliyochunguza vita vya Kosovo, chini ya uenyekiti wa Richard Goldstone na Carl Tham, ilisema kuwa operesheni ya NATO ya mwaka 1999 ilikuwa kinyume cha sheria lakini ilikuwa halali kwa maana ya kimaadili. Sentensi hiyo ni ngumu kuisema kwa Kiswahili bila maelezo ya ziada, na ugumu huo una faida. Humlazimisha msemaji aseme waziwazi kama anazungumzia uhalali wa kisheria au uhalali wa kimaadili, asije akajificha katikati.

Sheria yenyewe ilikuwa wazi zaidi kuliko maneno yanayoielezea. Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza matumizi ya nguvu dhidi ya mipaka au uhuru wa kisiasa wa nchi nyingine. Ibara ya 51 inaacha mlango mmoja, nao ni haki ya kujihami dhidi ya shambulio la silaha. Tamko la Baraza Kuu la mwaka 1970 kuhusu uhusiano wa kirafiki baina ya mataifa lilikwenda mbali zaidi, likakataza nchi kupanga, kusaidia au kufadhili harakati za silaha zenye lengo la kupindua kwa nguvu utawala wa nchi nyingine. Katika Afrika, ibara ya III ya Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1963 iliweka usawa wa nchi na kutoingiliana mambo ya ndani kuwa kanuni za mwanzo kabisa.

Upande wa pili, haki za binadamu zilikwisha kuingia katika sheria. Ibara ya 21 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kuwa ridhaa ya watu ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali. Utangulizi wake unakiri kuwa haki zisipolindwa kwa utawala wa sheria, mwanadamu anaweza kulazimika kuasi dhidi ya udhalimu kama njia ya mwisho. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ulioanza kutumika mwaka 1976, ulilifanya suala la kushiriki katika utawala kuwa haki ya kila raia katika ibara yake ya 25. Tanzania ilijiunga nao mwaka huohuo. Uganda haikujiunga hadi mwaka 1995. Jambo la kuzingatia ni kwamba maandiko yote haya yanamtaja raia kama mwenye haki. Hakuna hata moja linalomtaja jirani kama mtekelezaji wake kwa silaha.

3.0 Uwezo, Sababu na Nia

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini ya mto Kagera. Novemba 1 Amin alitangaza kuwa eneo hilo, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, nyumba zikabomolewa, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Siku moja baada ya tangazo la Amin, Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba hiyo inajulikana zaidi kwa nguzo zake tatu: uwezo wa kumpiga mvamizi, sababu ya kumpiga na nia ya kumpiga.

Wahakiki wa balagha wamezoea kuisifu hotuba hii kwa urudiaji wake, kwa utulivu wa msemaji na kwa jinsi ilivyoligeuza taharuki kuwa azma. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, kwa jicho la sheria nguzo hizo tatu hazilingani. Uwezo si hoja ya kisheria. Mvamizi naye ana uwezo. Nia ni hali ya moyo wa mtenda. Nguzo inayobeba mzigo wa uhalali ni moja tu, sababu, na sababu iliyotajwa ilikuwa uvamizi. Hotuba haikudai vita kwa niaba ya Waganda waliouawa tangu mwaka 1971. Ilikuwa hotuba ya nchi iliyoshambuliwa, na hivyo ilisimama juu ya ibara ya 51 hata pasipo kuitaja.

Kuna jambo la sarufi lililobeba zaidi ya sarufi. Kitenzi kilichoshika hotuba ni kumpiga, na kiambishi cha mtendwa kinamrejelea mtu. Hakikuwa kuipiga Uganda. Uteuzi huu ulikuwa na maana kubwa ya kisiasa, kwa kuwa uliwatenga wananchi wa Uganda na mtawala wao na kuzuia chuki ya jirani kwa jirani. Magazeti, nyimbo za kwaya na mazungumzo ya mitaani yaliufuata mkondo huo kwa neno nduli, yaani muuaji asiye na huruma. Anayeitwa nduli anavuliwa cheo kwanza kabla ya kuvuliwa madaraka.

Lakini hapo ndipo lugha ilipoanza kuitangulia sheria. Haki ya kujihami ni haki dhidi ya shambulio. Shambulio likikoma na mvamizi akirudishwa kwao, haki hiyo nayo huanza kufifia, kwa kuwa inafungwa na masharti ya ulazima na uwiano. Kumpiga nduli hakuna kikomo cha namna hiyo. Mpaka wa nchi unaweza kurejeshwa, na kweli ulirejeshwa. Nduli anaendelea kuwa nduli hata akiwa upande wake wa mpaka. Kwa hiyo neno lililowaleta watu pamoja mwezi Novemba lilikuwa tayari limefungua njia ya kuelekea Kampala, wakati sababu iliyotajwa ilikuwa imeishia Mutukula.

4.0 Hoja ya Vita Viwili

Majeshi ya Tanzania yalivuka mpaka na kuitwaa Mutukula mwezi Januari 1979. Masaka na Mbarara zikafuata mwishoni mwa Februari. Wakati huo Tanzania iliitaka OAU ilaani uvamizi wa Kagera, Uganda iachane na madai yake juu ya ardhi ya Tanzania, na fidia ilipwe. Masharti haya yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu hakuna kati yake lililotaka Amin aondoke madarakani. Kidiplomasia, Tanzania ilikuwa bado inazungumza kama nchi inayodai usalama wake.

Ili kueleza kilichokuwa kikiendelea ndani ya Uganda, Nyerere alitoa hoja iliyokuja kurudiwa mara nyingi: vita vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha Watanzania waliokuwa wakiilinda nchi yao. Cha pili kilikuwa cha Waganda waliokuwa wakimwondoa dikteta wao. Hoja hii ilikuwa na umakini wa hali ya juu. Kwa kuvitenganisha vita, iliiweka Tanzania ndani ya haki ya kujihami, na ikawaweka Waganda ndani ya haki ya kuasi dhidi ya udhalimu, haki ambayo Tamko la 1948 linaitambua walau kama njia ya mwisho. Kila upande ulipata uhalali wake, na hakuna aliyevunja kanuni ya kutoingilia.

Udhaifu wa hoja hii hauko katika mantiki yake. Uko katika uwanja wa mapambano. Wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, wakiwamo Kikosi Maalum kilichokuwa upande wa Milton Obote na kundi la FRONASA la Yoweri Museveni, walikuwa wachache sana wakilinganishwa na makumi ya maelfu ya askari wa Tanzania. Walisonga mbele katika barabara zilezile, kwa mizinga ileile na kwa ratiba ileile. Chama kilichopaswa kuwa mwenye vita vya pili, yaani Umoja wa Ukombozi wa Kitaifa wa Uganda (UNLF), kiliundwa Moshi, ndani ya ardhi ya Tanzania, mwezi Machi 1979, vita vikiwa vimekwisha kupita Masaka. Mwenye vita alipatikana baada ya vita kuanza.

Uadilifu unataka upande wa pili nao usikilizwe. Mwezi huohuo wa Machi, askari wa Libya waliingia vitani upande wa Amin na kupambana na Watanzania huko Lukaya. Amin hakuwa ameadhibiwa wala kulaaniwa na chombo chochote cha bara, na aliwahi kuvunja ahadi. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972, yaliyofikiwa baada ya jaribio la wafuasi wa Obote kuingia Uganda kutoka Tanzania kushindwa, yalizitaka pande zote mbili zijizuie kuchokozana. Kwa msingi huo inaweza kusemwa kwamba kumwacha Amin na jeshi lililopewa silaha mpya ilikuwa kuahirisha uvamizi mwingine. Hiyo ni hoja nzito ya usalama, na pengine ndiyo hoja bora ya kisheria ambayo Tanzania ilikuwa nayo. Ila ni hoja ya kujihami iliyonyooshwa hadi ukomo wake. Si hoja ya haki za binadamu.

5.0 Monrovia: Mkutano Mmoja, Kauli Mbili

Wakuu wa nchi za OAU walikutana Monrovia mwezi Julai 1979. Gaafar Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa akikabidhi uenyekiti, na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliikosoa hatua ya Tanzania kwa kuona kuwa inaweka mfano wa hatari. Hofu yao ilikuwa na msingi. Katika bara lenye mipaka iliyochorwa na wageni, kanuni ya kutoingiliana ilikuwa ukuta wa mwisho wa nchi ndogo dhidi ya nchi kubwa. Nchi moja ikiruhusiwa kuamua kwamba jirani yake hafai kutawala, kila jirani atapata jirani asiyefaa.

Hata hivyo, OAU iliyoikosoa Tanzania ndiyo iliyokutana Kampala mwaka 1975 na kumfanya Amin mwenyekiti wake, mkutano ambao Tanzania, Zambia na Botswana ziliususia. Kufikia wakati huo Tume ya Kimataifa ya Wanasheria yenye makao Geneva ilikwisha kutoa, mwaka 1974, ripoti juu ya ukiukaji wa haki za binadamu nchini Uganda. Waasia walikwisha kufukuzwa mwaka 1972. Chini ya miaka miwili baada ya mkutano wa Kampala, mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Makadirio ya waliopoteza maisha chini ya Amin yanayotajwa mara nyingi hufikia watu 300,000. Katika Umoja wa Mataifa, suala la Uganda lilijadiliwa na Tume ya Haki za Binadamu kwa taratibu za siri zilizowekwa na azimio namba 1503 la mwaka 1970. Siri hiyo ilimlinda mshtakiwa kuliko ilivyowalinda walalamikaji.

Kwa hiyo kanuni ya kutoingiliana ilitetewa Monrovia na taasisi ambayo haikuwa na lolote la kuweka mahali pake. Na hapa ndipo mkutano huo unapopata umuhimu ambao kumbukumbu ya vita huusahau. Mkutano uleule uliosikia lawama dhidi ya Tanzania uliamua kwamba uandaliwe rasimu ya mkataba wa haki za binadamu wa Afrika. Rasimu hiyo ilizaa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986. Bara lilikataa njia ya jirani, kisha likakiri kwamba kulihitajika njia.

Mkataba huo nao ulichukua tahadhari. Ibara ya 20 inawapa watu waliokandamizwa haki ya kujikomboa, lakini msaada wa nchi nyingine inaouzungumzia ni ule wa mapambano dhidi ya utawala wa kigeni. Ibara ya 23 inazitaka nchi zisiruhusu ardhi zao kutumiwa kama vituo vya hujuma dhidi ya watu wa nchi nyingine mwanachama, na inawakataza waliopewa hifadhi kushiriki katika hujuma dhidi ya nchi zao za asili. Ukisomwa dhidi ya historia ya mkutano wa Moshi, ibara hii ni kama jibu la wale waliosema Monrovia kwamba jambo hilo lisirudiwe. Ibara ya 58 inaelekeza kwamba ukiukaji mkubwa na wa umati uletwe mbele ya wakuu wa nchi. Jeshi halitajwi.

6.0 Ukimya wa Mataifa si Sheria

Watetezi wa uhalali wa mwaka 1979 huegemea sana ukweli kwamba Tanzania haikuadhibiwa. Baraza la Usalama halikupitisha azimio lolote kuhusu vita hivyo, na serikali ya Yusuf Lule, aliyeapishwa Aprili 13, ilitambuliwa haraka. Kwa kuwa desturi ya mataifa ni chanzo cha sheria, inasemwa, ukimya huo ni ridhaa.

Hoja hii inashindwa pale inapolinganishwa. Vietnam iliingia Kambodia miezi michache tu kabla ya Kampala kuanguka, ikaung'oa utawala wa Pol Pot uliokuwa umeua sehemu kubwa ya watu wake. Kwa kipimo cha haki za binadamu, kama kipo chenye kuruhusu uvamizi, hapakuwa na kesi nzito kuliko hiyo. Lakini Vietnam ililaumiwa vikali, na kwa miaka kadhaa kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kiliendelea kushikwa na upande wa walioondolewa. Mwezi Septemba 1979 Ufaransa ikamwondoa Bokassa katika Dola la Afrika ya Kati, na malalamiko yaliyosikika yalikuwa machache. Matendo matatu yanayofanana, katika mwaka uleule mmoja, yalipata mapokezi matatu. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa mateso ya wananchi. Ilikuwa katika marafiki na maadui wa aliyeingia. Desturi inayomtazama mtu usoni kabla ya kuamua haijawa sheria.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililigusa jambo hili mwaka 1986 katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani. Ilieleza kuwa matumizi ya nguvu hayawezi kuwa njia mwafaka ya kufuatilia au kuhakikisha heshima ya haki za binadamu. Hata Tanzania, kwa kuchagua hoja ya kujihami badala ya hoja ya kibinadamu, ilikuwa imekiri jambo hilohilo miaka saba kabla ya hukumu hiyo. Aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kudai haki mpya hakuidai. Ukimya huo wa Dar es Salaam ni ushahidi wenye uzito kuliko ukimya wa New York.

7.0 Baada ya Kung'oa

Kuna kipengele ambacho wanasheria hukipita haraka na ambacho kwa wananchi ndicho chenye uzito. Sheria ya haki za binadamu haimalizi kazi siku mtawala anapokimbia. Kama msingi wa mamlaka ni ridhaa ya watu, basi swali la nani aliwapa ridhaa Lule, Binaisa na waliofuata ni swali la haki za binadamu sawa na swali la nani aliwaua watu wa Amin.

Jibu halitii moyo. Lule aliondolewa mwezi Juni 1979, baada ya muda wa takribani miezi miwili. Godfrey Binaisa akaondolewa mwezi Mei 1980 na Tume ya Kijeshi. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, matokeo yake yakapingwa, na mwaka uliofuata vita vya msituni vikaanza. Luwero ikawa jina la maafa mapya, hadi Januari 1986. Haya yote yalianza wakati askari wa Tanzania wangali nchini, kwa kuwa waliondoka mwaka 1981. Nao walioingia kama wakombozi hawakuwa nje ya sheria: sehemu za miji ya Masaka na Mbarara zilibomolewa baada ya kutwaliwa, kwa hasira ya yaliyotendeka Kagera, na waliokaa katika nyumba hizo hawakuwa nduli.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba kiongozi wa vita hivyo alikuwa ndiye mfasiri wa tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Kaizari, tafsiri iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tamthilia hiyo wala njama wanajiandaa kikamilifu kwa tendo la kumwondoa mtawala, na hawana matayarisho yoyote kwa siku ya pili yake. Roma inaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Haifai kudai kwamba mfasiri alilisahau funzo hilo. Mkutano wa Moshi ulikuwa juhudi ya kulizingatia, ukiwakusanya wajumbe wa vikundi zaidi ya 20. Lakini umoja uliotengenezwa kwa siku chache, chini ya kivuli cha jeshi la mwenyeji, haukuweza kubeba kazi ya ridhaa ya taifa zima.

8.0 Sheria Iliyofuata

Mwaka 2000, huko Lomé, Afrika iliandika kile ambacho Monrovia ilikikwepa. Ibara ya 4(h) ya Mkataba wa Kuanzisha Umoja wa Afrika inaupa Umoja huo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wengine husema kwamba ibara hiyo imeihalalisha Tanzania kwa kuchelewa. Usomaji huo hauko sahihi. Ibara inamtaja Umoja kama mtenda, kwa uamuzi wa Mkutano wa wakuu wa nchi, na sentensi inayoitangulia inarudia marufuku ya nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Aidha, ibara ya 4(p) inakataa mabadiliko ya serikali yasiyofuata katiba. Kuokoa watu kunaruhusiwa. Kuchagua serikali yao hakukutajwa.

Matukio mawili ya ukanda huu yanaonyesha ukubwa wa pengo lililobaki. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kwa ajili ya Burundi, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakaamua kisipelekwe. Kwa upande mwingine, mwezi Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja katazo la matumizi ya nguvu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na mwaka 2022 ikaamuru fidia ya dola milioni 325. Nchi iliyowahi kukombolewa kwa jeshi la jirani ikawa jirani aliyeshtakiwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: kanuni ya kumruhusu jirani mwema haina namna ya kumzuia jirani mbaya, kwa kuwa wote wawili huvuka mpaka wakisema maneno yaleyale.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa kung'olewa kwa Idi Amin hakukuhalalishwa na sheria ya kimataifa ya haki za binadamu, wala Tanzania haikudai kwamba kulihalalishwa nayo. Vita vilianza kihalali kama kujihami, vikaendelea kwa hoja ya usalama iliyozidi kunyooshwa kadiri jeshi lilivyosonga, na vikaishia katika tendo ambalo lugha ya siku zile ililiita ukombozi na sheria ya siku zile haikuwa na jina lake. Kusema hivyo si kuwatukana waliokufa Kagera wala waliopona Kampala. Ni kukataa kulitumia jina lao kama hati ya wavamizi wa kesho.

Kwa upande wake, kanuni ya kutoingilia haikutoka salama. Ilitetewa na waliokalia mkutano wa Kampala mwaka 1975 bila kuuliza kilichokuwa kikitokea magerezani, na kanuni inayolindwa hivyo hujichimbia kaburi. Mwananchi anayeuawa na serikali yake hahitaji kuambiwa kwamba jirani hana ruhusa. Anahitaji kuambiwa ni nani aliye nayo, na kwa nini haitumii. Tangu Monrovia hadi Lomé Afrika imejibu nusu ya kwanza ya swali hilo kwa maandishi. Nusu ya pili bado inawangoja wakuu wa nchi, kila wanapokaa kikao.